Ukipunguziwa Bei, Umepunguziwa Nini? Maneno kwa Wapiga Picha wa Kisumu kuhusu Lenzi za Zumu

Haya niliwaambia wapiga picha waliokutana Kisumu, wengine wakiwa wametoka Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia. Nimeondoa vicheko na marudio. Mengine nimeyaacha kama yalivyonitoka.

Wazee wetu wa studio, akina dada na akina kaka mnaobeba begi la kamera kila Jumamosi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie lenzi za zumu za bei nafuu, yaani zile unazozivuta ili kilicho mbali kije karibu, kwa hizi kamera mpya zisizo na kioo ndani, zile mnazoziita mirolesi. Swali ninaloulizwa ni lilelile, liwe limekuja kwa simu au limeletwa na kijana aliyenishika mkono nje ya kanisa: "Nina elfu hamsini, ninunue zumu gani?" Huwa sijibu upesi. Huuliza kwanza: unapiga nini, saa ngapi, ndani au nje? Wengine hununa, wakidhani nawaficha siri ya kazi.

Sifichi. Ni kwamba hakuna kiwanda kitakachokuuzia lenzi kwa robo ya bei ya nyingine bila kuondoa kitu. Kila zumu nafuu imekatwa mahali. Kuna iliyokatwa mwanga, kuna iliyokatwa masafa, kuna iliyonyimwa kidhibiti cha mtikisiko, kuna isiyo na mpira wa kuzuia maji na vumbi. Ukiitafuta ambayo haijakatwa popote utaipata, na utaambiwa bei yake. Kwa hiyo mimi naomba mtafute iliyokatwa pale ambapo kazi yako haiumii. Wavuvi wa Dunga hawaendi kutafuta omena kwa wavu wa mbuta, na hakuna anayewasumbua kwamba wavu wa mbuta ni wa maana zaidi.

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo viwanda hukata kwanza, na ndipo wengi wetu huumia.

Tazama lenzi iliyokuja na kamera yako. Wengi hapa naona mna Sony za jamii ya a6000, kwa hiyo mna ile lenzi bapa ya 16-50mm, f/3.5-5.6, yenye uzito wa gramu 116 tu. Wenye Canon R50 wana 18-45mm, f/4.5-6.3. Wenye Nikon Z50 wana 16-50mm, f/3.5-6.3. Milimita ni masafa: zikiwa chache lenzi inaona upana, zikiwa nyingi inaleta cha mbali karibu. Zile nambari mbili za mwisho ndizo watu huziruka wakisoma. Ya kwanza inakuambia tundu la lenzi linafunguka kiasi gani kabla hujavuta. Ya pili, kiasi gani ukishavuta hadi mwisho. Nambari ikipanda, tundu limezidi kuwa dogo. Yaani unapomvuta bibi harusi aje karibu, lenzi inakupunguzia mwanga wakati huohuo, na hapo ndipo ulikuwa unauhitaji.

Hesabu yake ni fupi. Gawanya 5.6 kwa 2.8, unapata 2. Zidisha 2 kwa 2, unapata 4. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya lenzi ya f/5.6. Sasa ingia nayo kanisani: paa la mabati, madirisha madogo yenye pazia, taa mbili nyeupe juu ya madhabahu na moja imeungua. Unataka shata ya 1/125, yaani mlango wa kamera ufunguke kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, kwa sababu bwana harusi anavisha pete na mkono unamtetemeka. Kwa f/5.6 kamera inakupeleka ISO 6400, yaani inaongeza sana usikivu wake kwa mwanga. Kwa f/2.8, shata ileile, unabaki ISO 1600.

ISO 6400 yenyewe si dhambi kwa kamera za miaka hii. Kinachouma ni uso. Kamera inaona gauni jeupe limejaa kwenye fremu, inatia picha yote giza ili gauni lisiungue, na uso mweusi wa bibi harusi unabaki kivulini. Ukirudi nyumbani unauinua uso kwenye kompyuta, na chembechembe zinajitokeza mashavuni na chini ya macho. Gauni limetoka safi, mwenye gauni ametoka na vidoti. Programu za kusafisha chembechembe zimekuwa nzuri sana siku hizi, sikatai, lakini ukizitegemea kwa kila picha zinafuta na ngozi pia, na mama yake bibi harusi ataona. Akina mama huona.

Kwa hiyo ukiwa mtu wa kanisani na kumbini, usikubali kukatwa mwanga. Kubali kukatwa chochote kingine.

Lakini kazi inayowalisha wengi wetu huku si harusi, ni matanga. Na matanga ni nje, katika boma la mtu, kuanzia asubuhi hadi jua la saa nane. Pale lenzi yako ya gramu 116 iliyofungwa hadi f/8, na lenzi ya laki tatu iliyofungwa hadi f/8, zitatoa picha ambazo familia haitazitofautisha kwenye kitabu cha kumbukumbu. Tatizo la matanga ni hema. Ukimpiga mjane aliyevaa nyeupe chini ya turubai la zambarau, nguo inakuwa zambarau, na ngozi inapata rangi ambayo sijui niiite nini. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Mnaotaka kununua lenzi mpya kwa sababu ya rangi za hema, wekeni pesa mfukoni, mjifunze kuweka urari wa rangi nyeupe kwa mkono kabla ibada haijaanza: kipande cha karatasi nyeupe chini ya hema lenyewe, basi.

Sasa tuje kwa zumu ambazo hazikatwi mwanga na bado mtu wa kawaida anaweza kuzifikia. Hizi zina nambari moja tu baada ya f, kwa mfano f/2.8, na tundu halibadiliki ukivuta. Watu wa video wanajua raha yake: ukivuta katikati ya hotuba ya mzee, picha haiingii giza ghafla. Wala jambo lenyewe si geni. Zumu ya kwanza kutengenezwa kwa kamera za picha za filamu ya milimita 35, ile Zoomar iliyouzwa na Voigtländer mwaka 1959, ilikuwa 36-82mm na ilikuwa f/2.8. Kwa zaidi ya miaka 60 tumekuwa tukijua tunachotaka. Bei ndiyo imekuwa ikitukimbia.

Kwa kamera za sensa ndogo, sensa ikiwa ni kile kibati cha ndani kinachopokea picha, ambazo ndizo nyingi ukumbini humu, ya kutazama kwanza ni Sigma 18-50mm f/2.8. Ilitoka mwaka 2021 kwa dola 549. Kwa dola ya shilingi 130 hiyo ni kama elfu 71, kabla ya kodi, usafiri na faida ya muuzaji. Kwa Sony ina uzito wa kama gramu 290, chini ya robo tatu ya nusu kilo ya sukari, kwa hiyo kamera ndogo haiinami mbele. Imekatwa nini? Haina kidhibiti cha mtikisiko, na inaishia 50mm. Anayetaka hayo mawili yarudishwe kuna Tamron 17-70mm f/2.8, iliyoanza kuuzwa 2021 kwa dola 799. Ina kidhibiti, ina urefu zaidi, ina ulinzi dhidi ya unyevu. Imekatwa wepesi: ni gramu 525, na begani mwisho wa siku utazisikia.

Kwa sensa kubwa, jina ni Tamron 28-75mm f/2.8, toleo la kwanza la mwaka 2018. Lilipoingia sokoni kwa dola 799, lenzi za Sony zenyewe za kazi hiyo zilikuwa zinazidi dola 2,000. Toleo la pili lilikuja 2021, na matoleo ya pili yana tabia moja nzuri: yanashusha bei ya la kwanza. Mtu anauza la zamani apate jipya, wewe unanunua la zamani. Nyingine ni Sigma 28-70mm f/2.8 ya gramu 470. Kati ya hizo mbili, kwa pesa za mtu anayeanza, mimi ningechukua Tamron ya kwanza iliyotumika, iliyotunzwa, nisilale macho nikiiwaza ya pili.

Ngoja. Namwona kijana pale nyuma ananiuliza kwa macho: nina kamera ya sensa ndogo, lakini kesho nitanunua ya sensa kubwa, kwa nini nisinunue 28-75 leo kabisa? Ushauri huu umeenea sana, na unasikika wa busara. Nenda nao Nyalenda au Manyatta Jumamosi asubuhi, saa moja, bibi harusi anapopambwa. Chumba ni kimoja. Kitanda kimesogezwa ukutani, kabati la nguo limebana mlango, kuna shangazi wawili, kuna dada wa vipodozi, kuna mtoto anayekula mandazi juu ya godoro. Lenzi ya 28mm kwenye sensa ndogo ya Sony inazidishwa kwa 1.5, inaona kama ya 42mm. Utarudi nyuma hadi uguse mlango, utafungua mlango, utasimama nje kwenye ukumbi wa ploti, na bado utakuwa unapiga mgongo wa dada wa vipodozi. Ile ya 18mm inaona kama 27mm. Ukiwa umejikunja pembeni ya kabati, kioo, uso na mkono wenye brashi vinaingia vyote. Kwa Canon za sensa ndogo unazidisha kwa 1.6, ambapo ni pabaya zaidi. Nunua lenzi ya kamera uliyo nayo. Kamera ya kesho utainunulia lenzi kesho, na lenzi nzuri ya leo haikosi mnunuzi.

Hapa niseme neno juu ya maunti, yaani mdomo wa kamera unaopokea lenzi, kwa sababu ndio unaoamua utakuwa na uhuru gani sokoni. Sony walifungua vipimo vya msingi vya maunti yao ya E kwa watengenezaji wengine mwaka 2011, bila kutoza ada. Ndiyo sababu leo Sigma, Tamron na wengine wamejaa upande huo, na ndiyo sababu lenzi zilizotumika ni nyingi. Canon walianzisha maunti ya RF mwaka 2018 na kwa miaka kadhaa wakawafungia wengine nje kwa lenzi zenye fokasi ya kujiendesha. Mlango ulifunguka 2024 kwa kamera za sensa ndogo, na ile Sigma 18-50mm ndiyo ikatangulia. Ninyi wa R50 na R10 mliokuwa mnatuonea wivu, basi, na yenu imefika. Nikon nao wamewaruhusu Tamron na Sigma kwa baadhi ya lenzi. Mtu anayenunua kamera leo akitazama bei ya kamera tu, anasahau kwamba ananunua na duka zima la lenzi.

Na kwa nini hizi lenzi mpya zinaweza kuwa ndogo na rahisi? Sehemu ya jibu ni kwamba kamera inasahihisha makosa ya lenzi kabla hujaona picha. Ile Sony 16-50mm, ukifungua picha yake ghafi bila marekebisho kwenye 16mm, utaona mistari iliyopinda na pembe zenye giza ambazo hukuziona kwenye kioo cha kamera. Kompyuta iliyo ndani inazinyoosha na kuziangaza. Mhandisi ameacha kioo kimoja au viwili ambavyo zamani vingehitajika, na bei imeshuka. Wako wanaoliita hilo udanganyifu. Mimi sina ugomvi nalo. Mteja hakununua mkunjo wa lenzi. Jihadhari tu unapopiga kundi kubwa la ukoo: watu wa pembeni wamevutwa na kuangazwa, kwa hiyo usimweke bibi kizee mwishoni kabisa wa mstari.

Kidhibiti cha mtikisiko. Hapa watu hupoteza pesa, hivyo nisikilizeni. Kidhibiti kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi anayepigwa picha. Mpiga isukuti kule Kakamega mikono yake inakwenda, na wala kidhibiti cha lenzi ya laki tatu hakitaisimamisha. Utaisimamisha kwa shata ya 1/500, na shata ya 1/500 inataka mwanga. Kwa picha za watu wanaosogea, basi, kati ya f/2.8 bila kidhibiti na f/5.6 yenye kidhibiti, chukua f/2.8. Kwa mtu wa video anayetembea mbele ya maharusi, mambo yanageuka. Sony a6000, a6100, a6300 na a6400 hazina kidhibiti ndani ya kamera. Ukizifunga Sigma 18-50mm na ukatembea nayo, video itaruka kila hatua. Hapo ama ununue gimbali, ule mkono wa kutuliza kamera, ama ulipe zaidi kwa Tamron 17-70mm. Mwenye a6500, a6600 au a6700 anacho ndani ya kamera, asilipie kitu mara mbili.

Nimesema elfu 71 na nimeona nyuso. Sawa. Kuna njia za pesa kidogo kuliko hizo, na mbili naziamini.

Ya kwanza ni lenzi za kamera za zamani zenye kioo. Wazee wetu wa studio mnazo makabatini, au mnamjua anayezo. Adapta ya Canon ya kuvaa lenzi za EF kwenye kamera za R haina kioo cha lenzi ndani. Ni nafasi tupu yenye nyaya za mawasiliano, kwa hiyo picha haiharibiki na fokasi inafanya kazi vizuri. Canon EF 70-200mm f/4, ile nyeupe ya mwaka 1999, ina gramu 705, na leo inapatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya zumu mpya za aina yake. Kwa Nikon ni tofauti kidogo: adapta yao haina mota ndani yake, kwa hiyo lenzi za AF-S, zenye mota yao, zitafanya fokasi zenyewe, lakini zile za zamani zaidi, za AF na AF-D, utazizungusha kwa mkono. Mwenye kukuuzia lenzi ya AF-D akikuambia "inaingia kwenye Z bila shida", hajakudanganya kwamba inaingia.

Ya pili si zumu kabisa, na mtanisamehe. Baki na lenzi iliyokuja na kamera kwa ajili ya jua, kisha ununue lenzi moja ya 50mm f/1.8 au 35mm f/1.8 kwa ajili ya kanisani. Kati ya f/1.8 na f/5.6 mwanga unazidi karibu mara kumi. Utatembea kwa miguu badala ya kuvuta, na kuna mapadri wasiopenda mtu anayetembeatembea mbele ya madhabahu, hilo ulijue. Lakini kwa kijana wa elfu 30 sijaona jibu linalolishinda hili.

Na 70-200mm f/2.8? Kodi kwa mwenzako. Ni lenzi ya dakika ishirini za viapo katika kanisa kubwa, na siku nyingine za mwezi inalala.

Tuhamie masafa marefu, maana wenzetu wa ndege na wa michezo wamenyamaza muda mrefu.

Huku kuna bahati: mambo mengi ya mbali hutokea kwenye mwanga. Furukombe wa Dunga huruka asubuhi jua likiwa limeshatoka. Mpira uwanjani huchezwa mchana. Kwa hiyo mtu wa masafa anaweza kukubali kukatwa mwanga kuliko mtu wa kanisani, na hapo ndipo lenzi nafuu zinapofaa kweli. Tamron 70-300mm f/4.5-6.3 ya Sony ya mwaka 2020 ilitoka kwa dola 549, gramu 545. Canon RF 100-400mm f/5.6-8 ilitoka 2021 kwa dola 649, gramu 635, na kwenye R50 inaona kama 160-640mm. Watu waliicheka ilipotangazwa, wakasema f/8 ni lenzi gani hiyo. Ichukue kwenye mashua saa mbili asubuhi uone kama utacheka. Inashikika mkononi bila mguu wa kamera, ina kidhibiti, na mashua ya mbao haikai tuli hata mvuvi akizima injini.

Ichukue lenzi hiyohiyo msitu wa Kakamega, chini ya miti, umpige mbega, na mzaha unaisha. Pale chini kuna giza saa sita mchana. Mbega ni mweusi na mweupe, amekaa juu dhidi ya anga, na wewe uko f/8, ISO 12800, shata ya 1/100. Usinunue lenzi ya ziwani ukitarajia ikufanyie kazi ya msituni.

Jambo jingine la ziwani, kabla hujailaumu lenzi: kuanzia kama saa tatu au nne, hewa juu ya maji na juu ya nchi kavu inapata joto na kuanza kutetemeka. Picha ya ndege aliye mbali inatoka laini, haina ncha, na mtu anarudisha lenzi dukani akisema ni mbovu. Hewa ndiyo iliyopiga picha hiyo. Hata wenzetu wa Nakuru wanaopiga flamingo kwa mbali ufukweni wanayajua hayo. Sogea karibu au rudi kesho mapema.

Sasa kununua kilichotumika, kwa sababu nusu yenu ndivyo mtakavyofanya, na vizuri.

Adui mkubwa huku kwetu ni kuvu. Kisumu ina joto na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi kabatini miezi kadhaa huota kuvu kati ya vioo. Washa tochi ya simu, fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma na utazame kutoka mbele kwa pembe, si moja kwa moja. Vumbi ni vidoti, usijali. Lenzi zote zina vumbi. Kuvu ni nyuzi, zinatambaa na kugawanyika kama mizizi. Ukiziona, rudisha kifuniko, shukuru, nenda zako, hata ukipewa nusu bei. Fundi anaweza kuisafisha ikiwa imewahiwa, lakini ikishakula rangi ya juu ya kioo alama haitoki.

Kisha pitisha kidole kwenye mdomo wa mbele ambapo filta huingia. Pakiwa pamebonyea, lenzi ilianguka, na zumu iliyoanguka inaweza kuwa na kioo kilichohama kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni. Kamera itaona. Tafuta ukuta wa matofali au lango la mabati yenye mistari, simama nalo uso kwa uso, fungua tundu lote, piga ukiwa hujavuta, piga katikati, piga ukiwa umevuta hadi mwisho. Kuza picha, linganisha pembe ya kushoto na ya kulia. Pembe zote mbili zikiwa laini kidogo, hiyo ni tabia ya lenzi nafuu. Ya kushoto ikiwa kali na ya kulia imefifia, hiyo imeumia. Muuzaji atakuambia ni mkono wako. Mwombe apige yeye.

Zungusha pete ya zumu pole pole ukiwa umeiweka sikioni, mchanga utausikia. Elekeza lenzi chini uone kama inateleza yenyewe. Na uje na kamera yako mwenyewe na betri iliyojaa. Mtu anayetaka mkutane hotelini usiku, lenzi ikiwa kwenye mfuko wa karatasi, bila nafasi ya kuijaribu, mwachie soda yake.

Kuna dada hapa mbele aliyeniuliza kabla hatujaanza atajuaje kama anahitaji mwanga au masafa, ilhali anapiga kila kitu: kanisa, matanga, shule, hata ng'ombe wa mnada. Dada yangu, jibu liko kwenye kompyuta yako. Kila picha uliyopiga imeandikwa ndani yake ilipigwa kwa milimita ngapi, tundu gani, ISO ngapi. Fungua kazi zako za miezi iliyopita, zile ulizowakabidhi wateja, siyo zote, na uzipange kwa milimita. Zikijaa kwenye 50mm na ISO 6400, unakosa mwanga. Zikijaa mwisho wa lenzi na nyingi umezikata pembeni ili mtu aonekane mkubwa, unakosa masafa. Zikijaa 16mm, tatizo lako ni vyumba, na wala usifikirie zumu ndefu. Na zikiwa zimetawanyika kotekote kwa ISO 200, huna tatizo la lenzi mwaka huu. Nunua betri ya pili na flashi.

Kompyuta ndogo iko pale mezani karibu na dirisha, na kuna Sigma 18-50mm moja na Tamron ya kwanza ya 28-75mm za kujaribu. Njooni na kadi zenu na kamera zenu, wa Canon wapitie upande huu maana adapta ni moja, na atakayeangusha lenzi atakuwa ameinunua.